Mwaka Niliogonga Mawe Majini

Mchungaji alisema kaburini kwamba kaka yangu Nyabuto ameondoka bila kuaga. Alisema hivyo kwa nia njema, na watu wakatikisa vichwa, kwa sababu katika siku zake za mwisho, kwenye hospitali kule Kisii, Nyabuto hakutoa neno. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mgomba, viatu vimezama kwenye udongo uliotoka kuchimbwa, na kidogo nimkatize mtumishi wa Mungu mbele ya wakwe na majirani wote wa Nyaramba. Nilijizuia. Baadaye, tulipokuwa tukiosha sufuria, wifi yangu alinishika mkono akaniuliza, "Kerubo, wewe ndiye ulikuwa na yeye ile asubuhi. Ni kweli hakusema kitu?" Nikamwambia alisema. Akaniuliza alisema nini, lakini jibu lenyewe ningelazimika kulianzia mbali, kwenye mwaka ule niliokaa Sironga nikigonga mawe majini. Sufuria zilikuwa nyingi na watu walikuwa wanaingia na kutoka. Nilimwahidi nitamwandikia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikingoja matokeo, kazi ambayo ukiifanya kwa muda mrefu inakukosesha usingizi. Nyabuto alikuwa ametoka Kisumu, alikojifunza kuzamia kwa wakandarasi waliokuwa wakijenga gati, na ofisi ya maji ilikuwa imempa kazi katika bwawa lililoko juu ya Sironga. Bomba la kupeleka maji mjini lilikuwa na mdomo wake chini ya bwawa, na mdomo huo ulikuwa ukizibwa kila mara na majani ya mikaratusi, mizizi ya matete na karatasi za plastiki. Mtu alipaswa kushuka na mtungi wa hewa mgongoni, autoe uchafu huo kwa mikono. Vilevile alihitajika mtu wa kukaa ukingoni, aangalie saa, amwite hewa ikikaribia kuisha. Bwana Ombati, msimamizi wa maji, alimletea kijana mmoja mwenye kifua kipana, Nyabuto akamkataa. Akaja nyumbani kunichukua mimi. "Nataka mtu mwoga," alimwambia mama, nami nikisikia. "Hawa wenye hawaogopi, ukishazama tu wanaenda kununua sigara." Mama alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli tupu. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, halafu kurudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha.

Wazamiaji wengine huitwa kwa kamba. Nyabuto kamba hakuitaka kabisa. Kule Kisumu iliwahi kumzunguka mguu chini ya gati, na tangu siku hiyo hata kamba ya ng'ombe alikuwa akiiruka kama nyoka. Badala yake tulitumia mawe, jinsi watoto wa mtoni wanavyochezeana. Nilikuwa na mawe mawili meusi, magumu, niliyoyaokota mwenyewe. Nilichutama kwenye kina kifupi, nikazamisha mikono hadi viwiko, nikayagonganisha. Pigo moja lilikuwa swali: uko? Yeye alijibu kwa pigo moja la spana kwenye mtungi wake: nipo. Mapigo mawili yalimaanisha hewa inaisha, panda juu, naye akajibu mawili: napanda. Mapigo matatu yalikuwa yake peke yake, na maana yake ilikuwa nimekwama. Hayo matatu tuliyafanyia mazoezi mara moja tu, akiwa amesimama kwenye maji ya kiuno huku akinicheka uso nilioufanya. Ili kumsikia nililaza kichwa pembeni, sikio moja ndani ya maji. Kwa miezi mingi nilitembea na kipande cha pamba sikioni na watu wa sokoni wakanipa pole ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Tulipanga kwa Mama Yunia, mjane Msabato mwenye nyumba ya mabati karibu na shule. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe alivyovishona mwenyewe, na ukivikalia vibaya aliviinua kutoka chini yako bila kukuomba radhi. Nyabuto alilala kwenye chumba cha nje, na mimi chumba cha ndani, kilichotenganishwa na sebule kwa ukuta ambao haukufika kwenye paa. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo kila neno la sebuleni lilipanda, likagonga mabati, likanishukia kitandani. Nilijua madeni ya kwaya, nilijua nani ameachana na nani, nilijua Mama Yunia anasali kwa sauti akiwa na hofu na kimoyomoyo akiwa na furaha. Chakula chake kilikuwa ugali wa wimbi, chinsaga, mboga ya majani, iliyochemshwa kwa maziwa hadi uchungu wake ukawa mpole, na ndizi za kupikwa siku za Ijumaa, kwa sababu Ijumaa kila kitu kilipaswa kuwa tayari kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Hadi leo nikisikia harufu ya chinsaga hutazama saa kwanza, ndipo hukumbuka kwamba ni chakula.

Daktari Moraa alikuja katikati ya mwaka. Alikuwa mzaliwa wa Birongo, alifundisha chuo kikuu, na alikuwa amekuja kupima matope yaliyokuwa yakilijaza bwawa. Naye Mama Yunia alimpa chumba. Alikuwa na chelezo cha mapipa manne na mbao, na juu yake chombo kilichopeleka sauti chini na kuingoja irudi, ili muda wa kurudi umwambie kina. Alikuwa pia na kipaza sauti cha kuzamishwa majini na visikilizio vya kuvaa masikioni. Siku moja alinivalisha vile visikilizio, akamtuma mtu agonge mawe mbali, upande wa juu ambako mto unaingia. Lo! Nilisikia kila pigo kama limegongwa mezani kwangu. Nilifurahi hadi nikasahau kuogopa. Daktari akanieleza akimenya parachichi kwa kisu kidogo. "Haya maji ni mafupi, Kerubo. Sauti haiwezi kwenda moja kwa moja, inagonga chini, inagonga juu, inagonga chini, ndio inasonga. Huku chini ni mchanga na changarawe, kwa hivyo kila ikigonga inarudishwa. Umewahi kudundisha mpira kwa korido ya shule? Sasa tandika magodoro kwa hiyo korido, uone kama mpira utafika." Nikamwuliza magodoro yako wapi. Akaelekeza kisu kule chini, kwenye ukuta wa bwawa. Mto unaangusha mchanga mara tu unapoingia, alisema, ila matope laini yanaelea hadi ukutani, ndipo yanatulia, pamoja na majani yote yanayooza.

Siku hizi mimi ndiye ninayepima vina vya maji, na vijana ninaowafundisha huniuliza kwa nini nawasumbua na hadithi ya magodoro wakati mashine inachora picha yenyewe. Huwaambia mashine inachora kile kilichorudi. Kisichorudi haikijui. Wanacheka kwa adabu, wakiniona mama wa wasiwasi, na wanangu nyumbani nao wananiona hivyohivyo, kwa sababu asipopokea mtu simu mara ya kwanza mimi tayari nimeshavaa viatu.

Ukame ulikuja baadaye mwaka huohuo. Maji yalishuka hadi bomba tulilokuwa tukilisafisha, la upande wa mto, likabaki linaning'inia hewani, na mjini watu wakaanza kupanga mitungi kwenye chemchemi tangu alfajiri. Bwana Ombati alikuwa akipigiwa simu na kila mtu. Lilikuwepo bomba jingine la zamani, chini kabisa ukutani, lililofungwa miaka mingi na kuzikwa na matope. Kama lingefunguliwa, mji ungekunywa. Nilikuwa kitandani baada ya chakula cha jioni, nikishona soksi, niliposikia sauti ya Daktari ikija juu ya ukuta.

"Pale ukutani chombo changu hakioni kitu, Bwana Ombati. Natuma sauti, hairudi. Hiyo matope imejaa vipovu vya gesi, inameza kila kitu."

"Sasa hiyo na bomba zinahusiana wapi, Daktari?"

"Zinahusiana na huyo kijana. Dada yake anamwita na mawe."

"Si ataenda tu karibu na ukuta? Hata si mbali. Mtoto anaweza kurusha jiwe ifike."

"Jiwe itafika. Sauti ndio sina hakika."

Nikasikia Mama Yunia akisali kwa sauti jikoni. Sindano ilikuwa imenichoma kidole na sikuwa nimeona.

Kesho yake nilimweleza Nyabuto yote, tukiwa tunakula. Alimega tonge, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akachota mboga, na wala hakuinua macho. "Umekuwa daktari siku hizi, moiseke?" akasema, akiniita msichana kwa Ekegusii. Nikamwambia avae kamba. Akasema afadhali avae jeneza. Nikalia, nami sikuwa mtu wa kulia kwenye chakula, na hapo akaweka tonge chini. Bwana Ombati ndiye aliyeleta suluhisho, akiwa na uso wa mtu aliyepata usingizi baada ya wiki nzima. Angeazima rimu ya lori iliyoning'inizwa kanisani kwao kama kengele. Rimu hiyo ikipigwa Sabato asubuhi, alisema, watu wa kilima cha pili wanafunga vifungo vya shati. Tungeizamisha majini na kuipiga kwa nyundo. Nyabuto alipenda sana wazo hilo, Mama Yunia alilipenda, na hata mimi moyo ulitulia. Sisi ni watu wa vilima. Tumekua tukiitana kutoka mgongo mmoja wa ardhi hadi mwingine, na tunachojua ni kwamba ikiwa mtu hasikii, unaongeza sauti. Daktari Moraa peke yake ndiye aliyekunja uso. Alisema mlio mzito kama ule ndio wa kwanza kufa kwenye maji mafupi. Lakini naye hakuwa amewahi kujaribu rimu, na aliyesema hivyo dhidi ya kengele ya kanisa alihitaji kuwa na uhakika. "Sikio la kufa halisikii dawa," Mama Yunia alininong'oneza Daktari alipotoka. Alikuwa anamsema yeye. Methali hiyo siipendi tangu siku hiyo.

Kazi ilipangwa Ijumaa, kwa kuwa Bwana Ombati asingefanya kazi Jumamosi, na Jumapili ilionekana mbali mno kwa mji wenye kiu. Daktari alikuwa upande wa mto na chelezo chake, akimalizia vipimo. Nyabuto alishuka alasiri jua likiwa bado kali. Alipopotea chini ya maji, matope yaliamka na vipovu vikaanza kupanda kila mahali, hapa, pale, karibu na ukuta, mbali na ukuta. Siku zote nilikuwa nikimfuata kwa vipovu vyake. Sasa bwawa lote lilikuwa likipumua na sikujua pumzi ya kaka yangu ni ipi. Niligonga pigo moja: uko? Nikalaza sikio. Hakuna. Nikagonga tena. Nilisikia maji yakinong'ona kwenye nywele zangu, basi. Nikajiambia ana shughuli, mikono imejaa. Nikaangalia saa. Nikagonga mawili. Nikagonga mawili tena kwa nguvu hadi jiwe moja likanibandua ngozi ya kidole.

"Leteni rimu," Bwana Ombati akasema.

Wakaishusha kwa mnyororo, mwanamume mmoja akaingia hadi kifuani akaipiga kwa nyundo. Sisi tuliokuwa nje tuliusikia mlio huo kupitia miguuni. Ulikuwa mzito, mkubwa, wa kutia moyo. Hakuna aliyepanda. Wanawake waliokuwa wakichuma chai upande wa pili wakaacha vikapu wakashuka, na wakaanza kufanya kile tunachojua kufanya. "Nyabuto! Inchwo!" Njoo, njoo, wakimwita kwa Ekegusii kama mtu aliye kilima cha pili, mikono mdomoni, na vilima vikarudisha sauti zao vizuri kabisa. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua kuogelea. Nilitazama saa na mkono wa saa ulikuwa umepita mahali ambapo haukuwahi kupita. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema taratibu, "Huyo ameenda, jamani," na mwingine akaanza kuvua kitambaa kichwani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga yeye, na Ombati, na Nyabuto mwenyewe kwa ajili ya ile kamba.

Daktari alikuwa amesikia makelele. Alikuja akipiga kasia kwa ubao, amelowa jasho, na hakuuliza maswali. "Panda," aliniambia. Nikamwambia sijui kuogelea. "Hata mimi sijui. Panda na mawe yako." Tukasogea juu ya matope yale, chelezo kikiyumba, akanivalisha visikilizio na kushusha kipaza sauti. "Kando kando sauti haiendi hapa. Lakini kutoka juu kwenda chini ni karibu, maji ni mafupi. Lazima tuwe juu yake kabisa. Gonga, usikilize, tusonge. Na hao wanyamaze." Bwana Ombati aliinua mikono na umati ukanyamaza, na nyundo ikanyamaza. Niligonga. Nilisikiliza. Ulikuwepo mchakacho mwepesi wa vipovu, kama uji unaochemka kwenye chumba cha jirani. Tukasonga urefu wa kitanda. Niligonga. Vipovu. Tukasonga. Nilianza kumwahidi Mungu vitu ambavyo sikuwa navyo.

Kisha nikasikia spana. Ilikuwa mbali na dhaifu, tatu, halafu kimya, halafu tatu. Haikuwa inanijibu. Haikungoja mawe yangu hata kidogo. Ilikuwa ikigonga kwa mwendo wa mtu aliyechoka ambaye amegonga muda mrefu, na hapo ndipo nilipoelewa kitu kilichoniogopesha kuliko kimya chenyewe. Nyabuto hakuwa amenyamaza. Alikuwa akituita wakati wote, tangu mwanzo, huku sisi tukimlilia ukingoni. "Yuko!" nilipiga kelele. "Yuko, anaita!" Daktari akasukuma chelezo kule sauti ilikozidi, hadi spana ikawa wazi kama inagongwa chini ya miguu yangu. Nikagonga moja, na mara hii spana ikakatika katikati, ikasita, ikagonga moja. Nipo.

Mwanamume mmoja aliturushia kamba, na kwenye ncha yake mchuma chai mmoja akawa amefunga kisu cha kupogolea pamoja na jiwe. Nikaishusha. Kamba, kitu kile kile alichokikataa. Niliisikia ikigusa kitu laini, kisha ikavutwa mkononi mwangu kwa nguvu, na sijawahi kushikwa mkono na mtu yeyote nikafurahi vile. Chini ya matope kulikuwa na seng'enge ya uzio wa zamani, uliokuwapo kabla ya bwawa. Ilikuwa imeshika mtungi mgongoni kwake, mahali mkono haufiki, na kukaza mikanda hadi vifungo vikagoma kufunguka, na kisu chake kilikuwa kimeanguka na kuzama kwenye tope, akabaki akivuta hewa kidogo kidogo ili imtoshe. Aliikata mikanda kwa kile kisu cha chai, akauacha mtungi huko, akaja juu akiwa ameishika kamba kwa mikono yote miwili. Alitapika maji meusi juu ya mbao za Daktari. Jua lilikuwa limegusa kilima. Bwana Ombati alikuwa amepiga magoti majini na suruali yake ya ofisi.

Tulipomfikisha kwa Mama Yunia tulimfunika blanketi tatu. Alipewa ndizi na hakuzila, akabaki ameshika sahani kwa sababu ilikuwa na joto. Sebule ilijaa watu na kila mmoja alimsimulia jinsi alivyomwita, jinsi rimu ilivyolia, jinsi wachuma chai walivyopasua koo. Aliwasikiliza kwa mshangao. Baadaye alinitazama mimi tu. "Sikusikia kitu, Kerubo," akasema. "Hata moja. Nilifikiri mmeenda nyumbani." Nikamwambia nasi tulifikiri amekufa. Alicheka kidogo, midomo bado ya bluu. "Sasa ungeenda kweli?" Nikamwambia ningekaa hapo hadi nioze. Tangu siku hiyo alivaa kamba, na bomba lilifunguliwa na watu wengine, kwa kamba, wiki iliyofuata.

Hayo ndiyo niliyotaka wifi yangu ayajue kwanza. Kiharusi kilipompata Nyabuto mwaka huu, walimlaza kwenye wodi yenye vitanda vingi, na kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia ni mtungi wa hewa umesimama kando ya kichwa chake. Ndugu zetu walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda. Walikuwa wakimwita kwa sauti kubwa, kila mmoja akimzidi mwenzake. "Baba Moraa! Unatusikia?" Mtoto wake wa kwanza alimpa jina la Daktari, sidhani kama nimetaja. Hakufumbua macho. Binamu mmoja akasema hasikii tena, sasa tuzungumze mambo ya nyumbani, na mwingine akaanza kutaja ile methali ya sikio, nikamtazama akaishia njiani.

Nilikuja peke yangu asubuhi, kabla ya saa za kuona wagonjwa, kwa huruma ya muuguzi mmoja. Nilivuta kiti hadi goti langu likagusa godoro. Nilivua pete yangu na kugonga chuma cha kitanda karibu na mkono wake, pigo moja. Nilingoja. Kifua chake kilikuwa kikipanda kwa shida, kama mtu anayebeba kitu kizito kwenye ngazi. Nikasogea karibu zaidi, nikaweka kidole chake juu ya chuma kile, nikagonga tena. Ukucha wake ukagonga mara moja. Nipo.

Tulikaa hivyo kwa muda. Kila nilipouliza alijibu, na kila jibu lilichelewa kuliko lile la kwanza, naye alikuwa anafanya kazi, nilimwona, alikuwa bado kule chini na mikono imejaa, akingoja mtu wa ukingoni amwambie. Hiyo ndiyo kazi aliyonichukulia nyumbani. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya bwawa. Nikamshika mkono kwa mkono wangu wa kushoto, na kwa wa kulia nikagonga mara mbili. Hewa imekwisha, kaka. Panda.

Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nimelaza kichwa pembeni, sikio juu ya chuma, ndiyo maana nilisikia. Alijibu mawili.